Lile ua jekundu kwenye jezi za EPL kila Novemba: limetoka kwenye shairi, na shairi lenyewe lina mambo

Kurasa Chakavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila Novemba ikiingia, kwenye vibanda umiza swali ni lile lile: hayo maua mekundu kwenye jezi za timu za Uingereza ni ya nini? Mmoja atasema ni ya UKIMWI, mwingine atasema saratani, na hakosi mjuzi wa pembeni wa kusema ni Freemason. Anayejua atakuambia wanawakumbuka askari waliokufa vitani. Sawa, lakini bado hajakueleza kwa nini wachague ua, na kwa nini ua hilo hasa. Jibu liko kwenye fasihi, ndiyo maana uzi nimeuleta huku na si jukwaa la michezo. Mods, msiuhamishe tafadhali.

Ua linaitwa popi. Wataalamu wa mimea wanaliita Papaver rhoeas. Kwa mkulima wa ngano wa Ulaya hilo ni gugu, la kung'olewa tu. Mimi nimeliona Ubelgiji nilipokuwa masomoni, pembezoni mwa barabara ya shambani, mwezi Juni. Tumba lake lina vinyweleo na limeinamisha kichwa kwenye kikonyo chembamba. Likikaribia kuchanua linanyanyuka, yale majani mawili ya kijani yaliyolifunika yanadondoka, na petali nne zinatoka zikiwa na mikunjo kama nguo iliyokaa chini kabisa ya begi. Jua likipanda mikunjo inaisha. Ndani, kwenye shina la petali, mara nyingi kuna doa jeusi. Ukipita kesho yake unakuta petali zinadondoka, hata upepo hauhitajiki. Kinachobaki ni kifuko cha mbegu chenye matundu chini ya kifuniko, kikitikiswa mbegu zinamwagika.

Shika hapa kwenye mbegu. Mche mmoja unatoa maelfu, na mbegu inaweza kulala ardhini miongo kadhaa bila kuota. Inasubiri udongo ugeuzwe na mwanga uifikie. Iwe plau, iwe jembe, iwe kombora, yenyewe haijali. Ndiyo maana mwanahistoria Macaulay, karne ya 19, aliandika kwamba kiangazi kilichofuata baada ya vita vya Landen vya 1693, bonde lile lile walipolala maelfu ya maiti lilifunikwa na popi. Kwa hiyo yaliyotokea 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hayakuwa muujiza. Udongo wa Flanders, eneo la Ubelgiji, ulichimbwa mahandaki, ukapigwa mizinga, ukachimbwa makaburi, na mbegu zikapata zilichokuwa zinasubiri.

Sasa shairi.

Aprili 22, 1915, karibu na mji wa Ypres, Wajerumani walifungulia gesi ya klorini. Katika mapigano ya siku zilizofuata, mmoja wa madaktari wa mizinga ya Kanada alikuwa John McCrae, mzaliwa wa Guelph, Ontario, mtu wa miaka 42. Vita havikuwa vigeni kwake, alishapigana Afrika Kusini katika Vita vya Makaburu. Mei 2 kombora likamuua rafiki yake, Luteni Alexis Helmer. Padri hakuwepo, McCrae mwenyewe akaongoza maziko. Inasimuliwa kwamba kesho yake aliandika mistari 15 tu, "In Flanders Fields". Gazeti la Punch la London likaichapa Desemba 8, 1915, bila jina la mtunzi.

Ubeti wa kwanza: popi zinayumba kati ya misalaba iliyopangwa safu kwa safu, na juu angani ndege wanaimba ila mizinga inawameza sauti. Ubeti wa pili wafu wenyewe wanasema: juzi tu tulikuwa hai, tuliona mapambazuko na machweo, tulipenda na tukapendwa, leo tumelala hapa. Watu wengi shairi wanalikumbuka mpaka hapo.

Ubeti wa tatu wafu wanatoa amri. Endelezeni ugomvi wetu na adui. Mikono yetu imeishiwa nguvu, tunawarushia mwenge, ushikeni na kuuinua. Na mkituvunjia ahadi sisi tuliokufa, hatutalala, hata kama popi zinaota.

Wakuu, hilo ni shairi la kuita watu vitani. Na kazi hiyo lilifanyishwa kweli: 1917 lilitumika Kanada kwenye kampeni ya kuuza hati za mkopo wa vita. McCrae mwenyewe hakuuona mwisho wa vita, nimonia ilimuua Ufaransa Januari 28, 1918.

Angalieni mstari wa mwisho. Kwa nini aseme "hatutalala hata popi zikiota"? Kwa sababu kwa Wagiriki na Warumi popi ni ua la usingizi. Ndugu yake, ile popi kubwa ya bustanini, ndiyo inayokamuliwa afyuni. Ovid, mshairi wa Kirumi, anapolielezea pango la mungu wa Usingizi anaweka popi zimejaa mlangoni, na Usiku anakamua usingizi humo na kuunyunyiza duniani. McCrae alisomea udaktari na alijua mashairi, haya yote alikuwa nayo kichwani. Anatuambia dawa ya usingizi imeota juu ya makaburi yao na bado hawatapata usingizi. Kitisho hicho, si kitulizo.

Na kuna la zamani zaidi. Kwenye Iliad, utenzi wa Mgiriki Homer kuhusu vita vya Troya, kitabu cha 8, Mgiriki Teucer anampiga mshale Hector wa Troya, anamkosa, unampata mdogo wake kwa baba, Gorgythion. Homer anasema kichwa cha kijana kililala upande mmoja kama popi ya bustani iliyolemewa na mbegu zake na mvua za masika. Basi. Hatajwi tena. Mrumi Virgil akaichukua picha hiyo kwa kifo cha Euryalus kwenye Aeneid. Kwa hiyo popi na kijana aliyekufa vitani walishakutana karne nyingi kabla ya Flanders.

Jinsi ua lilivyofika kifuani kwa watu ni habari fupi. Novemba 9, 1918, mwalimu mmoja wa Georgia, Marekani, Moina Michael, alilisoma shairi kwenye gazeti la akina mama, akaapa kuvaa popi daima, akaenda dukani kununua za kitambaa. Mfaransa Anna Guérin akalifanya biashara ya kuchangia wahanga, na 1921 chama cha maveterani wa Uingereza kikaanza kuziuza. Mpaka leo.

Lakini mimi nikitafuta shairi la popi simchukui McCrae. Namchukua Isaac Rosenberg.

Rosenberg alikuwa mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Lithuania, kakulia East End ya London kwenye ufukara, kasomea uchoraji, kaingia jeshini kama askari wa kawaida bila cheo. Juni 1916 aliandika "Break of Day in the Trenches", likachapwa Desemba mwaka huo katika jarida la Poetry la Chicago. Ni alfajiri. Askari yupo handakini, anachuma popi iliyoota ukingoni ili aichomeke nyuma ya sikio. Akinyoosha mkono, panya anauruka mkono ule. Anaanza kuongea na panya: wewe mjanja wewe, umegusa mkono wa Mwingereza na sasa hivi utaenda kugusa wa Mjerumani, wakijua huruma zako hazina mpaka watakupiga risasi. Mwisho anarudi kwenye ua. Popi zenye mizizi kwenye mishipa ya binadamu zinadondoka, na zinazidi kudondoka, ila yangu hii ya sikioni iko salama, ina vumbi jeupe kidogo tu.

"Iko salama." Ua limeshachumwa! Limekufa tangu lilipotoka ukingoni, na anayelivaa anajua. Hakuna mwenge humo, hakuna amri kwa aliye hai. Adui pekee anayetajwa yumo kwa sababu panya anamtembelea. Rosenberg aliuawa alfajiri ya Aprili 1, 1918, karibu na Arras.

Karibuni.

---

Beki wa Kushoto

Mkuu umeshiba. Kwa hiyo Freemason wametoka kapa.

Swali: kuna yule James McClean, aliyekuwa winga wa Ireland, kila mwaka alikuwa anazomewa kwa kukataa kuivaa. Alikuwa na hoja gani?

---

Mtu wa Kariokor

@Beki wa Kushoto McClean ni wa Derry, Ireland ya Kaskazini, mtaa wa Creggan. Januari 30, 1972 askari wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Derry, wakafa 13 siku ile, na kati yao walikuwemo wa mtaa huo huo. 2014 alimwandikia barua mwenye timu yake akieleza: kama ua lingekuwa la waliokufa kwenye zile Vita Kuu mbili pekee, angelivaa. Lakini linawabeba askari wa vita vyote vya Uingereza, na hapo ndipo anapokataa. Nemanja Matić naye 2018 akiwa Man United hakuvaa, nchi yake Serbia ilipigwa mabomu 1999 akiwa mtoto wa miaka 10 kijijini Vrelo.

Sasa mleta uzi, nina neno na wewe. Umeongea Flanders, Ontario, Georgia, Chicago. Vita hivyo hivyo vilipigwa huku kwetu na hujagusa.

Mtaa ninaokaa jina lake limetoka kwa wapagazi wa jeshi (Carrier Corps kwa Kiingereza), Kariakoo ya Dar vilevile. Wengi wao hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, wakiwa na mzigo kichwani na posho ya unga mbovu. Hapa Nairobi, Kenyatta Avenue, kuna sanamu ya askari na mpagazi. Maandishi yake alitunga mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, ambaye mwanawe alipotea vitani huko Loos 1915. Yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanamwambia mtu kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka hiyo sanamu uwezavyo, jina hata moja la mpagazi hulioni. 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Na hata hiyo Novemba 11 si tarehe yetu. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, alisalimisha silaha Abercorn, Mbala ya sasa huko Zambia, Novemba 25, 1918. Wiki mbili baadaye! Wapagazi walikuwa bado wanabeba wakati London watu wanacheza barabarani.

Kwa hiyo nikiiona hiyo popi nauliza: ya Mahiwa, kule Lindi walikopigana 1917, iko wapi?

---

Kurasa Chakavu

@Mtu wa Kariokor umenikamata pazuri na sitabishana. Naongeza kidogo tu upande wa fasihi. Misalaba ya McCrae imepangwa safu kwa safu kwa sababu kuna mtu aliyehesabu, aliyeandika jina, aliyepiga nguzo. Shairi lake linawezekana kwa kuwa kuna makaburi. Mpagazi aliyeachwa kando ya njia kati ya Lindi na Masasi hana safu ya kumwekea ua. Ndiyo maana naona picha ya Rosenberg inamfaa zaidi kuliko ya McCrae: mizizi iko kwenye mishipa ya binadamu, hajasema binadamu wa taifa gani wala kama ana kaburi.

---

Mwalimu wa Zamu

Nimefundisha fasihi miaka mingi, naomba nimtetee McCrae kidogo maana mmemwangushia jumba bovu.

Kwanza, nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, si mtunzi. Wanaosema "endelezeni ugomvi" ni wafu. Kijana wa kidato cha tano akiniandikia "McCrae anataka vita viendelee" namkata maksi.

Pili, mtu kamzika rafiki yake jana yake, mizinga haijanyamaza, majeruhi wanamiminika mlangoni. Ulitaka aandike mkataba wa amani? Wafu kudai haki yao kwa walio hai ni jambo la kale katika mashairi ya kila kabila duniani. Maombolezo yetu wenyewe yamejaa marehemu anayeacha maagizo.

Tatu, umbo. Hilo ni rondeau, umbo la Kifaransa lenye kibwagizo. Maneno matatu ya mwanzo ya Kiingereza, yaani "katika mashamba ya Flanders", yanarudi mwisho wa ubeti wa pili na mwisho wa ubeti wa tatu. Ubeti wa pili yanarudi yakiwa maelezo ya mahali: tumelala hapa. Ubeti wa tatu yanarudi yakiwa madai. Kibwagizo kile kile, kazi mbili. Hiyo ni ufundi, si propaganda tu.

---

Kurasa Chakavu

@Mwalimu wa Zamu hoja ya kibwagizo nimeipokea kwa mikono miwili, sikuwa nimeiangalia hivyo.

Ya nafsineni naipinga nusu. Ni kweli wanaosema ni wafu, lakini aliyechagua wafu waseme nini ni mshairi. Wafu wale hawaulizi kwa nini wamekufa. Hata mmoja hamlaani jenerali. Wote wana kauli moja, Helmer na wengine wote, na kauli hiyo inafanana mno na ya ofisi ya kuandikisha askari. Kwenye maombolezo yetu marehemu anaagiza watoto wapendane, shamba lisiuzwe, deni la fulani lilipwe. Akiagiza watu wakauane, familia inakaa kikao!

---

Beki wa Kushoto

Halafu huo "mwenge tunawarushia, uinueni juu" mbona kama naujua. Nimekimbizwa na shule nzima kwenda kuupokea barabarani, tena juani.

---

Shangazi wa Ukumbi

Habari zenu. Mimi nasoma tu siku zote, leo nimeshindwa kunyamaza.

Kuna kitu mleta uzi umekipita haraka: hili ua lina kazi mbili zinazopigana. Wazee wa zamani walilipatia kusahau, usingizi, kuondokewa na maumivu. Waingereza wakalipatia kukumbuka. Aliyeona mgongano huo kuliko wote ni mshairi aliyeandika kwa Kijerumani, Paul Celan. Alizaliwa 1920 Czernowitz, wakati huo Romania, sasa hivi ni Ukraine, katika familia ya Kiyahudi. Wazazi wake wote wawili walifia kambini baada ya kuhamishiwa kwa nguvu Transnistria wakati wa Wanazi. 1952 akatoa diwani ambayo jina lake kwa Kiswahili ni *Popi na Kumbukumbu*. Limetoka kwenye shairi lake "Corona", ambamo wapenzi wanapendana kama popi na kumbukumbu.

Ukilisoma ukiwa unaijua popi ya Waingereza peke yake, unadhani anarudia neno, kumbukumbu na kumbukumbu. Kumbe popi kwake ni usahaulifu, yale ya Ovid. Watu wawili waliofiwa wanapendana, mmoja akitaka kulala asahau na mwingine hawezi. Au ni mtu mmoja ana vyote viwili ndani. Mimi niliyefiwa na mume nakwambieni hilo halihitaji maelezo.

Na hapo ndipo namwona McCrae tofauti na nyie wote. "Hatutalala" ya kwake ni woga wa kusahauliwa. Mtu anayeogopa kusahauliwa huongea kwa ukali. Amri ile haikuanzia kwenye chuki.

---

Kurasa Chakavu

Shangazi, kumbe ulikuwa umejificha na silaha zote hizo. Karibu uandike kila siku.

---

Mwana wa Likoni

Mimi nauliza la kwetu. Vita vya Pili vya Dunia Shaaban Robert alivitungia utenzi mzima, Utenzi wa Vita vya Uhuru, beti kama 3,000. Lakini katika ushairi wetu wa pwani ua nalijua kwa mapenzi na harusi: asumini, kilua, mlangilangi, kikuba kifuani mwa bibi harusi. Ua la kwetu kazi yake kubwa ni kunukia. Hilo popi linanukia?

---

Kurasa Chakavu

@Mwana wa Likoni nililinusa, nikaambulia ujani tu. Hata nekta halina, nyuki wanalifuata kwa chavua, unga mweusi mweusi uliojaa katikati. Mshairi wa Lamu au Mombasa asingelihangaikia, nadhani. Sifa yake ni rangi na kudondoka upesi, na hizo ndizo washairi wa vita walizozitaka.

---

Beki wa Kushoto

Nimegoogle nikaona 2010 Cameron, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alienda Beijing na hiyo popi kwenye koti, Wachina wakamwomba aivue, akakataa. Ni kwa sababu ya afyuni?

---

Mtu wa Kariokor

Ndiyo hiyo hiyo. Vita vya Afyuni, Waingereza walilazimisha China ifungue milango ya biashara hiyo kwa mizinga. Unamwendea mtu uliyemuuzia kasumba kwa nguvu ukiwa umebandika popi kifuani, halafu unamwambia tulia, hii ni ya aina nyingine.

---

Mwalimu wa Zamu

Naomba ruhusa ya kuutumia uzi huu darasani wiki ijayo. Nitawapa ubeti wa kwanza na wa pili wa McCrae peke yake, niwaache wauchambue mpaka wafikie dhamira wanayoitaka wenyewe. Halafu ndipo nitoe wa tatu.

---

Kurasa Chakavu

Ruhusa unayo mwalimu. Rosenberg mpe siku yake peke yake, usimwambatanishe na McCrae kipindi kimoja, watoto watamfanya jibu la swali. Na ukifika kwa panya waache wacheke kwanza. Shairi linachekesha kweli pale.